Alama zako ni nzuri na kadi wamekunyima: soma barua yao

Naandika haya kwa ajili ya wale wanaochana barua ya benki baada ya kusoma mistari miwili ya kwanza.

Kazi yangu ni kuandaa ritani za kodi hapa Louisville, Kentucky. Mimi ni mtu wa Kasulu, na wateja wangu wengi ni Wakongomani waliopitia kambi ya Nyarugusu, kule kule kwetu. Wapo Warundi pia, Wakenya, na Watanzania wenzangu. Kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Aprili wananiletea karatasi zao zote kwenye mfuko mmoja, W-2 (fomu ya mshahara kutoka kwa mwajiri) imechanganyika na bili ya umeme na matangazo ya shule, na nikianza kuzipanga mezani sikosi kukuta bahasha ya benki. Mwenyewe huieleza kwa aibu. Ameomba kadi ya krediti, amekataliwa, na haelewi kwa nini, maana programu ya kwenye simu inamwambia alama zake za krediti, ile namba wakopeshaji wanayompimia mtu, ni 741, na imeziwekea rangi ya kijani. Wengi wameshajijibu kabla sijasema neno: ni rangi yangu, ni jina langu, ni kwa sababu bado sijapata uraia.

Siwezi kumwambia mtu kwamba ubaguzi haupo. Nchi hii ilitunga sheria ya kuzuia ubaguzi katika mikopo mwaka 1974 kwa sababu ubaguzi ulikuwepo, na watu bado wanaupigania mahakamani. Lakini barua nyingi ninazozisoma zina sababu nyingine, imeandikwa pale pale kwenye karatasi, na mara nyingi inarekebishika. Kinachoniuma ni mtu kuacha kabisa, kukaa miaka na pesa taslimu mfukoni na kukodi gari kwa masharti magumu, kwa sababu ya mistari mitatu ambayo hakuna aliyekaa naye akamsomea.

Tuanze na hiyo 741. Marekani hakuna alama moja ya mtu mmoja. Kuna kampuni tatu kubwa zinazotunza kumbukumbu za mikopo: Equifax, Experian na TransUnion. Kila moja ina faili lake juu yako, na mafaili hayo hayafanani, kwa kuwa mkopeshaji halazimiki kupeleka taarifa kwa zote tatu. Juu ya kila faili hupigwa hesabu ya alama, na hesabu zenyewe nazo ni nyingi. Ile ya kampuni ya FICO tunayoijua ilitoka mwaka 1989. VantageScore ilianzishwa mwaka 2006 na kampuni hizo tatu zenyewe. Programu nyingi za bure kwenye simu zinaonyesha VantageScore, wakati benki nyingi zinazotoa kadi zinatazama FICO, na ipo hata FICO maalumu ya kadi ambayo haiishii 850 kama ile ya kawaida, inaanzia 250 mpaka 900. Kwa hiyo ukiona simu inasema 741 na barua ya benki inasema 688, usidhani kuna aliyekudanganya. Ni mafaili mawili, au hesabu mbili, au siku mbili tofauti.

Na hata kama benki ingetazama 741 ile ile, bado alama inajibu swali moja tu. FICO inakadiria uwezekano wa mtu kuchelewa kulipa kwa siku 90 au zaidi ndani ya miezi 24 inayokuja. Imeishia hapo. Mshahara wako haumo kwenye hesabu hiyo. Haijui unalipa kodi ya nyumba kiasi gani, haijui kama kazi umeianza juzi. Benki ina maswali yake mengine nje ya alama: huyu ana uwezo wa kulipa? Ndiye kweli, au ni mtu ametumia jina lake? Sisi wenyewe tumeshamkopesha kiasi gani? Amewahi kushika kadi, au analipa mkopo wa gari tu? Mtu anaweza kufaulu vizuri swali la alama akaanguka kwenye mojawapo ya hayo, na barua haisemi "alama zako ni mbaya". Inasema ameanguka wapi.

Nichukue mfano wa mzee mmoja anayeendesha foklifti kwenye ghala karibu na uwanja wa ndege. Alifika Marekani na familia kama mkimbizi, na kama wakimbizi wengi alikuja na deni la tiketi. Wasomaji wa nyumbani huenda hamlijui hili: wakimbizi wanaoletwa hapa husafirishwa kwa mkopo usio na riba kupitia IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, na marejesho huanza miezi sita baada ya kufika. Shirika lililowapokea ndilo linalokusanya, na kwa kawaida malipo hayo huingia kwenye kumbukumbu za krediti. Mzee huyu hakukosa hata mwezi mmoja. Alikuwa akilipa kabla ya kununua chochote cha nyumbani, kwa sababu kwake deni ni deni. Alama zikapanda, akafurahi, akaomba kadi ya benki anakowekewa mshahara. Wakamkatalia.

Barua yake niliisoma mstari kwa mstari na yeye ameketi mbele yangu. Ukurasa wa kwanza ulikuwa shukrani na samahani. Wa pili ulikuwa na sababu tatu, nami nazitoa kwa Kiswahili: historia yako ya krediti ni fupi mno, una akaunti chache mno, hakuna akaunti ya kuzunguka yenye taarifa za karibuni. Hiyo ya tatu ndiyo iliyobeba uzito. Mkopo wa tiketi, kama ule wa gari au wa nyumba, ni wa mafungu. Kiasi kimeshapangwa, unalipa kile kile kila mwezi mpaka kiishe. Kadi ni krediti ya kuzunguka: kila mwezi wewe mwenyewe unaamua ukope kiasi gani na urudishe kiasi gani. Faili la mzee lilithibitisha kwamba ni mlipaji mzuri wa deni alilopangiwa. Halikuwa na ushahidi wowote wa namna anavyojizuia akiachiwa kuamua. FICO inatoa alama mradi una akaunti moja iliyofikisha miezi sita, kwa hiyo faili jepesi kama lake linaweza kuwa na namba ya kupendeza kabisa. Benki ikilifungua inakuta karatasi moja.

Dawa yake ilikuwa kadi ya dhamana kutoka chama cha akiba na mikopo cha hapa mtaani. Unaweka amana, mara nyingi dola 200, nao wanakupa kadi yenye kikomo hicho hicho. Aliitumia kwa mafuta ya gari tu. Baadaye aliomba tena kadi ya kawaida akapata, na amana yake akarudishiwa. Ulizeni kabla ya kuweka amana: je, chama hiki kinapeleka taarifa kwa kampuni zote tatu? Kama hapana, tafuteni kingine.

Namba ya kupendeza juu ya faili jepesi huwapata pia vijana na kina dada waliowekwa kwenye kadi ya mtu mwingine. Dada yako mkubwa yuko hapa tangu miaka ya tisini, ana kadi ya siku nyingi, anakuongeza kama mtumiaji wake. Historia ya kadi ile inaingia kwenye faili lako na alama zinaruka. Ni msaada wa kweli, sitaki mtu aukatae. Lakini benki inaona kwamba akaunti ile si yako na deni lake si wajibu wako kisheria, na baadhi hazikupi uzito wowote kwa hilo. Barua itasema huna historia ya kutosha kwa jina lako.

Kuhusu salio nitasema kwa ufupi, maana wengi mmeshalisikia nusu. Kati ya mambo yanayojenga alama ya FICO, kulipa kwa wakati kunabeba asilimia 35 na kiasi unachodaiwa asilimia 30. Watu wanaambiwa "lipa yote kila mwezi" na wanalipa. Tatizo ni tarehe. Benki kwa kawaida hupeleka taarifa siku stetimenti, yaani hesabu ya mwezi ya kadi, inapofungwa, na tarehe ya mwisho ya kulipa huwa wiki tatu au zaidi baada ya hapo. Mwenye kikomo cha dola 500 akinunua vitu vya dola 450 na kuzilipa zote siku ya mwisho, faili lake linaonyesha ametumia asilimia 90 ya krediti yake, ingawa hajawahi kulipa senti ya riba. Kama unajiandaa kuomba kadi mpya, lipa kabla stetimenti haijafungwa. Mwezi mmoja unatosha kuona tofauti.

Sasa nije kwenye kipato, ambako ndiko kazi yangu inakutana na jambo hili moja kwa moja.

Madereva wa malori, mnisikilize. Wengi wenu mmejiajiri. Lori ni lako au umelikodi, kampuni inakulipa kwa mzigo. Mwaka ukiisha, fomu za malipo zinasoma, tuseme, dola 190,000. Tunaketi, tunatoa dizeli, bima, matairi, matengenezo, riba ya mkopo wa lori au malipo ya kulikodi, uchakavu wa lori, na kwenye mstari wa 31 wa Schedule C, fomu ya kodi ya aliyejiajiri, ambao ndio faida halisi, zinabaki dola 34,000. Kwa kodi tunashukuru. Halafu dereva anaomba kadi, anaandika 190,000 mahali pa kipato, kwa sababu hizo ndizo alizoziona zikiingia benki. Benki inamtaka asaini fomu 4506-C, inayoiruhusu kupata muhtasari wa ritani yake moja kwa moja kutoka IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani. Inakuta 34,000. Barua inakuja: kipato hakikuthibitika.

Kipato chako cha biashara ni kilichobaki baada ya gharama. Andika hicho. Kuandika kwa makusudi kipato cha uongo kwenye ombi la benki ni kosa la jinai la serikali kuu, na sipendi kuona mtu aliyevuka mipaka mitatu kutafuta amani anajiingiza humo kwa sababu kijana wa mtandaoni amemwambia "weka kubwa tu, hawaangalii". Wanaangalia wanapotaka. Kuna jambo moja halali la kusema ukiwa na benki kwenye simu: sehemu ya gharama zile ni uchakavu, mstari wa 13, na hizo ni pesa ambazo hazikutoka mfukoni mwaka huo. Dereva mmoja alilieleza hivyo kwa mtu wa benki, akatuma ritani yake yote, kadi ikapita. Wengine hawakubali. Na hapa lazima niseme nisichopenda kukisema kama mwandaaji wa kodi: kila gharama unayodai, ingawa ni haki yako kabisa, inapunguza namba ambayo mkopeshaji ataiona. Mwenye mpango wa kuomba mikopo mwaka ujao azungumze na anayemwandalia ritani mapema, wakati mwaka bado haujaisha.

Kina mama mnaobaki nyumbani na watoto, msiandike sifuri. Sheria ya kadi ya mwaka 2009 iliilazimisha benki ipime uwezo wa mwombaji kulipa, na mwanzoni kanuni zake ziliwabana wake na waume wasio na mshahara wao wenyewe. Mwaka 2013 kanuni ilirekebishwa: ukiwa na miaka 21 au zaidi unaweza kuandika kipato cha mwenzako ikiwa una matumaini ya kweli ya kukifikia, mathalani mshahara wake unaoingia kwenye akaunti yenu ya pamoja. Chini ya miaka 21 ni kipato chako mwenyewe, au mdhamini. Kwa hiyo mwanafunzi wa miaka 19 mwenye alama nzuri kupitia kadi ya mama yake, asiye na kazi, akikataliwa hapo ni sheria ndiyo iliyomzuia. Na anayepokea msaada wa serikali auandike kama kipato. Benki haina ruhusa ya kukukataa kwa sababu tu pesa yako inatoka huko.

Kuomba ovyo kunaharibu pia, na haraka. Kila ombi huacha kumbukumbu ya ukaguzi kwenye faili kwa miaka miwili, ingawa FICO huhesabu za miezi 12 tu. Nje ya alama kabisa, benki zina mipaka yao. Maarufu ni ile ambayo wapenzi wa kadi wanaiita 5/24: benki ya Chase kwa kawaida humkatalia aliyefungua kadi tano au zaidi, za benki yoyote, ndani ya miezi 24, awe na alama 800 asiwe nazo. Na niwaondolee hofu moja: kukataliwa kwenyewe hakuandikwi kwenye faili. Benki nyingine itaona kwamba uliomba. Haitaona ulijibiwa nini.

Jina na tarehe ya kuzaliwa. Hapa nikiandika damu inanichemka.

Wengi wenu mna tarehe ya kuzaliwa 1 Januari. Hamkuzaliwa siku hiyo. Mliandikishwa kambini bila cheti, mkaulizwa mwaka, na siku na mwezi vikajazwa kwa desturi. Sasa chukua ukumbi mmoja wa harusi hapa Kentucky au Ohio: utapata kina Juma Hassan wangapi, kina Mohamed Ali wangapi, wote 1 Januari, na baadhi wamezaliwa mwaka mmoja na wamepanga kwenye jengo moja la ghorofa? Kompyuta za kampuni za kumbukumbu zinalinganisha jina, tarehe, anwani na namba ya Soshali Sekyuriti (ya hifadhi ya jamii), na zinaweza kukubali ulinganifu usiokamilika. Matokeo ni faili lililochanganyika: deni la hospitali la mtu wa ghorofa ya pili liko kwako, na mkopo wako wa gari uliolipwa vizuri uko kwake.

Ongeza na majina yetu ya sehemu tatu. Kwetu mtoto anabeba jina la baba na la babu, na Wakongomani wengi kila mtoto wa nyumba moja ana jina lake la mwisho. Afisa wa uhamiaji akaligeuza, mwajiri akalifupisha, benki ikaandika vile alivyosikia karani. Nilikuwa na mama mmoja ambaye kadi yake ya Soshali inasoma majina matatu, leseni ya udereva mawili, na mkataba wa nyumba unayo yale mawili kinyumenyume. Alama zake kwenye simu zilikuwa zaidi ya 750. Barua ilisema: hatukuweza kuthibitisha utambulisho wako. Tangu sheria ya mwaka 2001 iliyotungwa baada ya mashambulizi ya Septemba 11, benki inalazimika kumthibitisha kila mteja mpya kwa jina, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya makazi na namba ya utambulisho. Alama 750 haziwezi kusaidia kama mashine haiamini kwamba wewe ndiye mwenyewe. Alichohitaji ni kwenda tawini na pasipoti, kadi ya Soshali na bili ya maji.

Na msidhani haya huwakuta wageni peke yao. Mwaka 2011, huko California, Sergio Ramirez alikwenda na mkewe kununua gari, na muuzaji akamwambia jina lake liko kwenye orodha ya serikali ya magaidi na wauza dawa za kulevya. Ripoti ya TransUnion ilikuwa imelinganisha jina la kwanza na la mwisho, basi. Gari ikabidi linunuliwe kwa jina la mke. Alishitaki kwa niaba ya watu 8,185 waliowekewa tahadhari ya namna hiyo, na kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani. Juni 2021 mahakama iliamua kwamba ni 1,853 tu kati yao, wale ambao ripoti zao zilikuwa zimeshatumwa kwa mtu wa nje, waliokuwa na haki ya kudai fidia. Naona uamuzi ule uliwaacha watu wengi nje ya mlango. Lakini unatufundisha kukagua faili kabla halijatumwa kwa mkopeshaji.

Kukagua ni bure. Kwenye AnnualCreditReport.com unaweza kuchukua ripoti zako zote tatu kila wiki bila malipo. Ulianza kama utaratibu wa wakati wa korona na mwaka 2023 ukafanywa wa kudumu. Zisome majina, anwani na waajiri kwanza, kabla ya madeni. Ukiona anwani ambayo hujawahi kuishi, shaka faili limechanganyika. Andika malalamiko kwa kampuni husika, ambatanisha nakala za vitambulisho, na wao wana siku 30 kwa kawaida kuchunguza.

Kuna sababu nyingine ambayo haihitaji maelezo mengi: kufuli. Baada ya taarifa za watu wapatao milioni 147 kuibwa Equifax mwaka 2017, wengi walifunga mafaili yao, na tangu Septemba 2018 kufunga na kufungua ni bure kisheria. Kisha wanasahau. Benki ikijaribu kulisoma faili inakuta limefungwa, inakataa. Barua itasema haikuweza kupata ripoti yako kutoka kampuni fulani. Fungua, pigia benki, imekwisha.

Haki zenu sasa. Ukikataliwa, benki ina siku 30 tangu ilipopokea ombi lako lililokamilika kukuarifu. Lazima ikupe sababu mahususi, au ikueleze kwamba una haki ya kuziomba ndani ya siku 60. Nawe ukiziomba, inakujibu ndani ya siku 30. "Hukufikia viwango vyetu" si sababu inayokubalika. Hata benki ikitumia mashine ya akili bandia, haina ruhusa ya kujificha nyuma yake. Idara ya serikali ya kuwalinda watumiaji wa fedha ilitoa maelekezo hayo kwa maandishi mwaka 2022. Kama ilitumia alama, lazima ikuandikie alama yenyewe, tarehe yake, na mambo yaliyoishusha. Lazima itaje kampuni iliyotoa ripoti, na una siku 60 za kuchukua ripoti hiyo bure. Watu wengi huishia kuipigia kampuni hiyo kulalamika, wakajibiwa kwamba hawajui lolote. Ni kweli hawajui. Uamuzi ni wa benki, nayo ndiyo ya kupigiwa.

Ukipiga, omba ombi lako liangaliwe upya na mtu. Benki nyingi zina watu wa kazi hiyo, na kwa kawaida hawafanyi ukaguzi mpya wa faili. Shika barua mkononi, jibu sababu moja baada ya nyingine. Kama tayari una kadi kwao na wamesema wamekukopesha vya kutosha, waulize kama wanaweza kupunguza kikomo cha kadi ya zamani wakakihamishia mpya. Kiingereza kikikusumbua, uliza kama wana mkalimani, na omba Kiswahili kwa jina lake. Mtoto wa miaka 12 asiachiwe kazi hiyo.

Na tafadhali, msiwape pesa wale wanaotangaza "kusafisha krediti" kwenye makundi yetu ya WhatsApp. Sheria ya mwaka 1996 inawakataza kuchukua malipo kabla ya kumaliza kazi waliyoahidi, na inakupa siku tatu za kazi za kuvunja mkataba. Mbaya kuliko wote ni wauzaji wa namba wanayoiita CPN, wakisema utaitumia badala ya namba yako ya Soshali. Haipo kisheria. Mara nyingi ni namba ya Soshali iliyoibwa, hata ya mtoto mdogo, na anayeitumia kwenye ombi la benki ndiye atakayesimama mbele ya hakimu. Mkimbizi au mwenye green card hana nafasi ya kucheza na hilo.

Swali linalofuata huwa ni lini mtu aombe tena, na jibu linategemea mstari gani umeandikwa kwenye barua. Kufuli: leo hii, na huenda huhitaji hata ombi jipya. Utambulisho: siku utakayofika tawini na karatasi. Salio: subiri stetimenti inayofuata ifungwe ikiwa na namba ndogo. Kadi nyingi mno: hesabu tarehe ulizofungua kila moja na ungoje baadhi zipite miezi 24. Historia fupi: acha kadi yako ya dhamana ifikishe mwaka. Faili lililochanganyika: usiombe popote mpaka umepata majibu ya malalamiko kwa maandishi, kisha chukua ripoti upya zote tatu na uhakikishe lile deni la jirani limeondoka kila mahali, kwa sababu likitolewa kwenye moja linaweza kuwa bado limekaa kwenye nyingine mbili.